Vijana wawili ndani ya faili moja

Mama Mapasa, kama tunavyomwita hapa mama wa mapacha, alifika kwangu Jumamosi asubuhi, faili la bluu kwapani na mkononi barua ya mistari mitano aliyotaka nimsomee. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Lubumbashi, na kazi yangu ya pembeni ni kutafsiri makaratasi: vyeti vya kuzaliwa, bultini za shule, mialiko ya harusi za watu walio ng'ambo. Barua ile, ya programu moja ya chuo huko Marekani, haikuwa na kazi kubwa. Ilisema asante kwa kuomba nafasi, hatutaweza kumpokea kijana wako, tunamtakia kila la heri.

"Banamukatala?"

"Banamukatala, Mama."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Lakini maulizo yote niliyajibu. Hata moja sikuiruka." Kwa neno hilo niliomba aniachie faili zima, si barua peke yake.

Ninachoandika hapa ni uchambuzi wa faili hilo, jinsi lilivyojengwa mara ya kwanza na jinsi lilivyojengwa upya. Kijana na mama yake wamenikubalia niandike bila majina, na vitu vichache nimevigeuza ili jirani asiwatambue.

Kijana ana miaka 21. Ni pacha wa pili. Kaka yake alimtangulia kwa dakika chache siku ile na hajaacha kumtangulia. Yule wa kwanza alianza kusema mapema kama watoto wote wa lupango. Huyu alifikisha miaka minne bila sentensi, na muda huo wote kaka ndiye aliyemsemea: anataka maji, hataki shati hilo, linamwasha shingoni. Alipokuwa na miaka saba walimpeleka chumba cha maombi siku tatu, maana mkubwa mmoja wa familia alikuwa ametamka neno bulozi, yaani uchawi. Mama hapendi kurudi kwenye habari hiyo, nami sikumchokonoa. Nilijua tu kwamba mama aliyewahi kusikia neno hilo juu ya mtoto wake hajazi fomu kama mama mwingine.

Kuna kaye, yaani madaftari, kumi na saba chini ya kitanda chake. Ndani yake ni kamioni. Tangu darasa la tano la msingi amekuwa akikaa kando ya barabara ya Kasumbalesa, ile iendayo mpakani mwa Zambia, akiandika namba za magari, nchi yalikotoka, idadi ya ekseli, na mzigo kama anaweza kuujua: shaba inayotoka, salfa na mafuta na unga wa mahindi vinavyoingia. Pleti ya Tanzania anaitambua akiwa mbali kwa ile T ya mbele. Ukimuuliza ni siku gani kamioni zilipungua mwaka juzi atakuambia, na atakuambia pia siku mbili za kabla yake, hata kama hukuuliza.

 Alimaliza sekondari upande wa biashara na usimamizi, akafanya mtihani wa Taifa, akapata asilimia 54. Kaka yake alipata 61 na kuingia UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Huyu alibaki nyumbani. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo, yaani Oktoba ilifika, mmoja akatoka asubuhi na kaye zake, mwingine akabaki mezani na chai.

Hapo ndipo mjomba alipoingia. Yuko Portland, Maine, anafanya kazi za usiku ghalani, na ni mtu mwema. Niliyoyaona ndani ya faili hayapunguzi hilo. Alisikia kazini kwamba Marekani kuna vyuo vya vijana ambao bongo zao zinafanya kazi kwa namna nyingine: wenye usonji, wenye disleksia (shida ya kusoma), wenye shida ya kutulia na kukazia jambo moja. (Nikisema usonji hapa mjini watu hunitazama tu. Husema otisme, wale wanaosema chochote.) Alitafuta kwenye simu, akapata programu ya kwanza yenye picha za vijana wanaocheka, akatuma fomu.

Kosa la kwanza lilifanyika hapo, kabla mtu hajaandika neno lolote. Mjomba alidhani vitu hivi ni aina moja, kumbe vina koo tatu tofauti. Kuna vyuo vizima vilivyojengwa kwa ajili ya vijana hawa: Landmark College, katika mji wa Putney, Vermont, kilichofunguliwa mwaka 1985, na Beacon College cha Leesburg, Florida, cha mwaka 1989. Kijana husoma huko na kupata digrii kama mtu yeyote, ila ufundishaji wote umepangwa kwa kichwa kama chake. Kisha kuna programu ndogo zilizo ndani ya vyuo vikuu vya kawaida, kama ile ya Marshall University huko West Virginia, iliyoanza 2002 kwa wanafunzi wenye usonji. Hapo unapaswa kwanza kukubaliwa na chuo kwa alama zako, ndipo programu ikusaidie kupanga siku, kuelewana na wenzako, na kujua la kufanya profesa akibadili ratiba ghafla.

Ukoo wa tatu ulitiwa nguvu na sheria ya elimu ya juu ya Marekani ya mwaka 2008. Hizo ni programu za mpito kwa vijana wenye ulemavu wa akili, wale ambao kwa kawaida wasingeingia chuo kwa mtihani. Wengi hutoka na cheti cha programu badala ya digrii, na wakiwa njiani hujifunza kazi, kuishi peke yao, kushika fedha. Ni kazi nzuri sana. Ila mlangoni wanataka uthibitisho kwamba mwombaji ana ulemavu wa akili, na kijana wetu, mwenye diploma ya Serikali na kaye kumi na saba za takwimu, hana. Mjomba alikuwa amebisha hodi kwenye nyumba ya watu wengine.

Kama ingekuwa hilo tu, ningemwelekeza mama kwenye nyumba nyingine na tungemaliza. Lakini nilipokuwa nasoma karatasi moja baada ya nyingine niliona kwamba faili lile lingekataliwa popote.

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya prefe, yaani mkuu wa shule. Imeandikwa kwa Kifaransa kizuri, muhuri mbili, sahihi kubwa. Inasema mwanafunzi huyu ni mtiifu, anajitegemea, anashirikiana vizuri na wenzake na hajawahi kuwa na tatizo lolote. Ndivyo tunavyoandika barua za kumpendekeza mtu kwetu: unampamba, kwa sababu kutaja kasoro ya mtoto kwenye karatasi yenye muhuri ni kama kumlaani.

Karatasi ya pili ilikuwa fomu ya mzazi. Je, anaweza kuamka mwenyewe? Hapana. Kufua nguo zake? Hapana. Kupanda gari la abiria peke yake? Hapana. Kushika makuta yake, yaani fedha? Kupika kitu chepesi? Kuomba msaada akikwama? Hapana, hapana, hapana, hadi chini ya ukurasa.

Msomaji wa huko ameshika karatasi hizi mbili pamoja. Amesoma habari za vijana wawili wasiojuana.

Nilimrudia mama na ile fomu na tukaipitia mstari kwa mstari, tukiwa tumeketi chini ya muembe wake. Kufua: kwa nini hapana? Akacheka. "Mwalimu, nina mabinti watatu. Mutoto mwanaume atafua kwa nini?" Basi ile hapana haikuwa na maana kwamba hawezi. Ilikuwa na maana kwamba hajawahi kuombwa, na kaka yake pacha naye angepata hapana hiyo hiyo. Gari la abiria: kwa nini hapana, wakati kila wiki anavuka mji kwa teksi-basi kwenda kando ya barabara ya Kasumbalesa na anajua nauli ya kila kituo? Hapo hakucheka. Aliniambia kwamba mwaka fulani alijaza fomu ya msaada kwa ajili ya mtoto, akaandika ukweli, kwamba anaweza hiki na hawezi kile. Walioandika kwamba watoto wao hawawezi lolote ndio waliopata. Somo hilo alilishika.

Simlaumu. Sisi tuna aina mbili za kuandika juu ya mtoto kama huyu, ya kumsitiri na ya kumwombea huruma, na yeye alikuwa ametuma zote mbili katika bahasha moja. Programu hizi zinaomba aina ya tatu ambayo hakuna aliyetufundisha: kusema bila aibu na bila machozi mtu anafanya nini peke yake, anafanya nini akikumbushwa, na nini hakiwezekani hata akikumbushwa mara kumi. Anaamka mwenyewe, lakini ratiba ikibadilika bila kuambiwa jana yake, anaweza kukaa kitandani hadi saa sita. Anashika makuta vizuri kuliko dada zake, lakini mtu akimwambia "nikopeshe" hajui kukataa. Sentensi mbili kama hizo zina uzito kuliko ukurasa mzima wa hapana.

Insha yake niipite haraka. Aliiandika mjomba. Ilisema mimi ni kijana mwenye ari na bidii ninayeota kuwa mhasibu. Nilimsomea kijana kwa Kiswahili, akasikiliza hadi mwisho akisugua kidole gumba, akasema, "Huyu simjui."

Lakini pale niliposimama na kuweka faili chini ni kwenye kisanduku kidogo kilichouliza: kwa sasa mwombaji anapata msaada gani, shuleni au nyumbani? Mama alikuwa ameandika neno moja. Hakuna.

Kwa kawaida yetu alikuwa sahihi. Hakukuwa na mwalimu wa pekee, wala mtaalamu wa kusema, wala karatasi ya mpango. Lakini nilipokuwa nauliza maswali yangu chini ya muembe, kuna mtu aliyekuwa akijibu kabla ya mama, akiwa amesimama mlangoni na sahani ya bukari mkononi. Kaka yake. Nani alikuwa anamwandikia somo mwalimu akisema kwa haraka? Mimi. Nani alimwambia kwamba wenzake wanatania, si ugomvi? Mimi. Kelele za darasa zikizidi? Namtoa nje, tunahesabu vitu, tunarudi. Na mitihani ya shule? Kuna mwalimu mmoja alikuwa anamweka karibu na mlango, upande usio na watu, na kumwacha amalize akiwa wa mwisho. Ni mimi niliyekwenda kumwomba.

Miaka kumi na mbili. Mwandishi wa noti, mkalimani wa utani, sehemu tulivu ya mtihani, muda wa ziada. Vyuo vya Marekani vina ofisi nzima za kutoa vitu hivyo hivyo, vina majina yake na fomu zake. Hapa vilikuwa vinatolewa na mtoto wa umri ule ule, bure, na familia nzima ikaviita undugu, ikaandika hakuna. Kwa msomaji wa mbali neno hilo lina maana moja tu: kijana huyu alifaulu mtihani wa Taifa bila msaada, basi anahitaji nini kwetu? Au vibaya zaidi: hajawahi kusaidiwa, hatujui kama msaada utamfaa. Wakati ushahidi mkubwa kuliko wote, kwamba akisaidiwa hivi anafaulu, ulikuwa umesimama mlangoni unakula.

Nakiri kwamba na mimi ningeandika hakuna.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida, ingawa ndefu. Cheti cha daktari kilichokuwa kwenye faili kilikuwa cha ukurasa mmoja, cha alipokuwa na miaka sita, kikisema amechelewa kukua. Vyuo hivi mara nyingi vinataka ripoti ya kisaikolojia ya hivi karibuni, ya miaka mitatu hivi au chini, yenye vipimo vya kufikiri, kusoma, kukumbuka, na maisha ya kila siku. Tulimpata mwanasaikolojia mjini aliyekubali, akakaa naye mara tatu. Alikuwa na kipimo cha akili kiitwacho Wechsler katika toleo la Kifaransa, na hapa alifanya jambo ninalomheshimu: aliandika wazi ndani ya ripoti kwamba alama za msamiati zisichukuliwe jinsi zilivyo, kwa sababu kipimo kilipangwa kwa watu wa Ufaransa, na kijana huyu anaota kwa Kiswahili na Kifaransa alikikuta darasani. Kwenye sehemu za maumbo na mifuatano alikuwa juu. Mwisho wa ripoti: usonji, bila ulemavu wa akili. Mama aliniomba nirudie sehemu ya "bila" mara mbili.

Karatasi yenyewe ya diploma bado haijatoka; tulitafsiri hati ya muda pamoja na bultini za miaka minne.

Kisha makuta. Landmark ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kwa masomo peke yake. Misaada ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi ni ya raia na wakaaji wachache wanaotambuliwa kisheria. Anayetoka Lubumbashi kwa viza ya mwanafunzi hayumo. Na kabla hujapewa ile fomu ya chuo inayokuruhusu kuomba viza, unaonyesha kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Ombi la viza ni dola 185, usajili wa SEVIS, mfumo wao wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, 350, na mahojiano yako Kinshasa. Mjomba alipiga hesabu zake usiku mmoja na kututumia ujumbe wa sauti wa dakika sita ambao sikuutafsiri.

Lililobaki lilikuwa njia ambayo haina picha za vijana wanaocheka: chuo cha jamii cha miaka miwili karibu na nyumba ya mjomba, chuo cha kawaida kabisa, chenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Watu huchanganya hapa. Programu maalumu hutoza ada yake juu ya ada ya chuo. Lakini marekebisho ya msingi, kama muda wa ziada, chumba tulivu au mtu wa kuandika noti, chuo kinadaiwa na sheria zao za haki za watu wenye ulemavu, ya 1973 na ile ya 1990, na hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi. Kinachotakiwa ni mwanafunzi mwenyewe aende kuomba. Shule ya sekondari huko humtafuta mtoto. Chuo hakimtafuti mtu.

Na hapo Mama Mapasa aligonga ukuta aliokuwa hautegemei. Alitaka namba ya ofisi ile awe anapiga. Nilimweleza kwamba tangu 1974 wana sheria inayosema mwanafunzi akishaingia chuo, habari za masomo yake ni zake. Mama akipiga simu, ofisi haiwezi kumfungulia mambo yake mpaka mtoto atie sahihi.

"Mi njo mama yake," alisema, kwa upole, kama anayemsahihisha mtu aliyekosea njia. "Kama miye siulizwe, ataulizwa nani?"

Kijana alikuwa ameketi pale. "Mimi," alisema.

Tulifanya mazungumzo na ofisi hiyo kwa video, kabla ya kuomba rasmi, wanaruhusu. Umeme ulikatika mara moja, tukahamia kwenye simu. Mimi nilikuwa pembeni kwa ajili ya maneno magumu, mjomba alikuwa upande wa pili. Mama mmoja wa ofisi alimuuliza anapenda nini, naye akazungumza juu ya kamioni kwa muda ambao mjomba alikuwa anajishika kichwa. Kiingereza chake ni cha kukatika-katika, lakini kwenye ekseli na mizigo hakikukatika. Kisha aliulizwa anafanya nini mambo yakimzidi. Alifikiri. "Natoka nje. Nahesabu ekseli. Kama hakuna kamioni, nahesabu madirisha." Yule mama aliandika. Mjomba baadaye alisema tumeharibu. Mimi naona ni jibu pekee katika faili lote ambalo lingeweza kutolewa na mtu mmoja tu duniani.

Wakati huo tulijaribu pia mlango wa nyumbani, nisije nikaonekana nilimsukuma mtoto kwenye ndege. Kongo ina sheria ya Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, na elimu imo. Niliandika barua kwa kitivo kimoja nikiomba kiti cha mbele na sehemu tulivu ya mtihani. Barua ilipokelewa, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yangu bado ninayo. Kwa sasa kijana hufuatana na kaka yake siku mbili kwa wiki, wanaketi karibu na mlango.

Kaka huyo ndiye ambaye sikumuuliza mapema. Siku moja alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia kwamba UNILU mwaka wa kwanza alikuwa anaandika noti nakala mbili kwa mazoea, kisha anarudi nyumbani na kuikuta ya pili haina mtu wa kuisoma, na kwamba hajui kama anaomba pacha wake akubaliwe au akataliwe. Sikuwa na jibu. Nilimpa makuta ya soda, jambo la kipumbavu kumpa mtu wa miaka 21.

Faili la pili lilitumwa mwezi uliopita. Barua ya prefe imeandikwa upya na inataja kiti cha karibu na mlango. Fomu ya mama ina ndiyo, hapana, na maneno mengi pembeni. Insha ni nusu ukurasa na inaanza na Kasumbalesa. Kisanduku cha msaada kijana alitaka akijaze mwenyewe, kwa Kiingereza chake, na akanikataza kusahihisha. Ameandika: Ndugu yangu. Yeye anaandika, mimi ninasoma. Yeye haji.